Kitamu kimoja, kwa watu wote

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: sikukuu ikikaribia na mfuko ni mwepesi, ni zawadi gani tamu mtu anaweza kuipika mwenyewe nyumbani? Mimi nina miaka kadhaa sasa nikigawa vitu vya jikoni kwangu, na nimefika mahali pa kusema hivi: chagua kitamu kimoja tu kinachokaa muda, kisha ukipike kwa wingi.

Mwanzoni nilikuwa napika aina tano. Kila aina ilitaka kiungo chake, na nilimaliza fedha kwenye vitu vya kijiko kimoja kimoja ambavyo baadaye vilikaa kabatini hadi vikaharibika. Ukipika kitu kimoja unanunua unga na sukari ya kutosha mara moja, unachafua vyombo mara moja, na kufikia trei ya pili mkono umeshazoea.

Mimi hupika biskuti za siagi. Kipimo chake hakisahauliki: sukari 1, siagi 2, unga wa ngano 3, vyote kwa uzito. Yaani gramu 100, 200 na 300, na chumvi kidogo kama siagi haina. Hakuna mayai, hakuna hamira. Changanya siagi na sukari, tia unga, ukusanye donge bila kulikanda sana, maana ukikanda sana biskuti inakuwa ngumu badala ya kumung'unyika mdomoni. Livingirishe liwe kama mchi mwembamba, liweke kwenye friji hadi ligande, kisha kata vipande vya unene wa sentimita moja. Unapata 30 na zaidi. Oka kwa nyuzi 160 hadi pembeni paanze kugeuka rangi. Dakika 20 hadi 25 hutosha. Zikitoka zitakuwa laini na utadhani hazijaiva. Usizirudishe! Zinakauka zikipoa.

Siagi ndiyo inayokula fedha, nakubali. Ikikushinda, pika karanga za sukari: gramu 300 za sukari na 200 za karanga zilizokaangwa na kumenywa, basi. Weka sukari peke yake kwenye sufuria nzito, moto mdogo, na usiondoke hapo. Itaanza kulowa pembeni, iwe mabonge, halafu iyeyuke yote ipate rangi ya asali. Hapo ndipo pa kumwaga karanga. Ukichelewa kidogo tu rangi inakuwa ya kahawa na ladha inageuka chungu, wala hakuna namna ya kuirudisha. Geuza haraka, mimina kwenye trei uliyoipaka mafuta, ikipoa ivunjevunje. Watoto wakae mbali kabisa, kwani sukari iliyoyeyuka hupita nyuzi 160 na ikimgusa mtu inaganda kwenye ngozi.

Kosa langu kubwa halikuwa la mapishi. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikafungasha biskuti zikiwa bado na joto. Mvuke ukabaki ndani ya kopo, na shangazi alipolifungua siku ya tatu biskuti zilikuwa zimelegea kama mkate wa jana. Alinishukuru kwa upole uleule wa siku zote, na ndiyo sababu iliniuma zaidi. Siku hizi naziacha wazi hadi nikizishika chini sisikii joto hata kidogo. Karanga za sukari nazo ziwahi kufungiwa mara zikipoa, kwa kuwa sukari hunyonya unyevu wa hewani na kuanza kunata.

Vyombo usinunue. Kuanzia miezi miwili kabla, hifadhi chupa za jemu na makopo yenye mfuniko unaobana; ziloweke kwenye maji ya moto lebo zibanduke, zioshe, zikauke kabisa. Kitambaa kidogo juu ya mfuniko na uzi vinatosha. Biskuti zikifungwa hivyo hukaa wiki mbili bila shida, kwa hiyo unaweza kupika mapema na siku za mwisho ukapumzika.

Na tafadhali, andika kikaratasi: tarehe uliyopika, na kilichomo ndani. Siagi, ngano, karanga. Kuna watu karanga kidogo tu inawapeleka hospitali, na kopo la zawadi huzunguka nyumba nzima, likafika hata kwa mgeni usiyemjua.