Kadi ya njano haitengenezi gari ulilokodi

SWALI: Desemba hii mimi, mume wangu na watoto wawili tutapanda ndege kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Tutakodi gari tuendeshe wenyewe, tutembee Naivasha na Nakuru, kisha tupitie Namanga hadi Arusha kwa wakwe zangu, na mwisho tulirudishe Nairobi. Dalali aliyetutafutia gari anasema lina bima kubwa na kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa hiyo tusilipie ile nyongeza ya kupunguza eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo bima hailipi; eti ni kutupa pesa. Ni kweli?
Mama wa wawili, Tabata

JIBU: Si kweli, dada yangu, na maneno hayo yamenichosha. Nashughulikia madai ya bima za magari, na kila sikukuu zikipita hawakosi watu wanaokuja na kadi ya njano kwenye mfuko wa plastiki, wameitunza kama pasipoti, wakiuliza gari litatengenezwa lini.

Kadi hiyo ilianza kutumika mwaka 1987 ili mtu avuke mpaka bila kukata bima mpya ya mtu wa tatu katika kila nchi anayoingia. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi, ndiyo maana Namanga inakubalika. Inalipia madhara unayowasababishia wengine, angalau kwa kiwango cha chini cha sheria ya nchi uliyoingia, pamoja na matibabu ya dharura ya mliomo ndani ya gari. Gari lenyewe halimo. Injini, bodi, taa, kioo, vyote hivyo kadi haivigusi.

Mteja wangu mmoja alikodi gari Nairobi, akavuka salama. Jioni, baada ya Longido, akamgonga kijana wa bodaboda aliyeingia barabarani bila taa. Kijana alivunjika mguu, na kadi ikafanya kazi yake: matibabu yakalipwa. Lakini bonneti ilikuwa imejikunja hadi kwenye kioo, na rejeta imerudi nyuma imegusa injini. Tulipofungua mkataba wa kukodi, kulikuwa na mstari mmoja ukurasa wa pili: gari lisitoke nje ya Kenya bila barua ya mwenye gari. Barua hakuwa nayo. Dalali alikuwa amemwambia kadi inatosha. Mteja alilipa matengenezo yote mwenyewe, na juu yake siku zote ambazo gari lilikaa gereji bila kuingiza hela.

Sasa hiyo bima kubwa. Ni ya mwenye gari, aliyoandikiana na kampuni yake. Wewe humo. Yawezekana inaishia mpakani, yawezekana inafika Tanzania kwa nyongeza. Jibu limo kwenye hati yenyewe ya bima, na cheti peke yake hakikuonyeshi. Hata ikifika, kuna eksesi, na mkataba wa kukodi huihamishia kwako. Chukua mfano wa gari la shilingi milioni moja na nusu za Kenya, eksesi ikiwa asilimia 10. Ukiligonga vibaya, 150,000 za kwanza ni zako. Nyongeza anayokukataza dalali ndiyo inayopunguza mzigo huo, kwa hiyo lipia, mradi waandike kwenye mkataba kwamba inafanya kazi ndani ya Tanzania pia. Wasipoandika, hujanunua kitu kwa safari ya Arusha.

Na hata ukiilipia, usiichukulie kama bima. Kwenye mikataba mingi utaiona kwa herufi CDW, na ni ahadi tu ya mwenye gari kwamba hatakudai uharibifu wa gari lake, au hatakudai wote. Ahadi hiyo huvunjika mara moja mume wako akiendesha ilhali jina lililoandikwa ni lako tu, dereva akiwa amelewa, au ajali ikikosa ripoti ya polisi. Matairi, vioo, chini ya gari na funguo mara nyingi haviingii kabisa.

Binafsi ningefanya hivi: ningelirudisha gari Nairobi baada ya Nakuru na kupanda basi dogo la abiria (shuttle) hadi Arusha. Mkiamua kuvuka nalo, dai barua ya idhini ya mwenye gari inayotaja Tanzania, majina yenu wawili kwenye mkataba, na hati ya bima uisome wewe mwenyewe kabla pesa haijatoka.

Ukiisoma, tafuta neno moja ambalo madalali hawaligusi kamwe: matumizi. Hili linanikera kuliko yote, na halipo Nairobi tu. Lipo Dar, Arusha na Mombasa. Mtu ana gari lake la nyumbani, limekatiwa bima kubwa ya matumizi binafsi kwa sababu ni nafuu, kisha analikodisha kupitia dalali wa WhatsApp. Cheti ni halali, namba ukiihakiki mtandaoni inatoka safi, na mteja anaridhika. Siku ya ajali kampuni inauliza swali la kwanza: nani alikuwa anaendesha, na alilipataje gari? Ikijulikana alilikodi, dai la gari linakataliwa, nami sina hoja ya kumtetea aliyekodi, kwa sababu mwenye gari alidanganya tangu siku ya kukata bima. Yeye atakudai wewe thamani ya gari zima. Dalali atakuwa ameshazima simu.

Gari la kukodisha lazima hati yake iseme ni la kukodisha. Ukiambiwa hati ipo ofisini, utaletewa baadaye, usichukue ufunguo.