Jibu: Wageni wanapita mbele ya picha kama wanawahi daladala, tufanyeje?

Mkuu, umesema mmetundika picha za Tingatinga, ule mtindo wa Kitanzania wa kuchora wanyama kwa rangi kali, kwenye ukumbi wa makumbusho, watu wanaingia, wanapiga selfi mbili tatu, wanatoka. Sasa unauliza kama muongeze maelezo ukutani. Nimeongoza wageni kwenye maonyesho miaka mingi. Ushauri wangu ni myapunguze.

Ila anza na taa. Simama pale anaposimama mgeni uangalie. Picha hizi huchorwa kwa rangi ya enameli, ile ya kupaka baiskeli, juu ya hadibodi (ubao mwembamba mgumu) au kitambaa, kwa hiyo zinang'aa. Taa ikiipiga picha usoni, mgeni anaona balbu, chui haonekani. Mwambie fundi azielekeze mshazari kutoka juu. Kuna ukumbi mmoja walikuwa wakilalamika kwamba Waswahili hatupendi sanaa, kumbe picha zenyewe hazionekani!

Kuhusu maelezo: Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, kuzaliwa Tunduru mwaka 1932, kuanza kuchora Dar mwaka 1968, yote ni mazuri, lakini hakuna anayesoma bango zima akiwa amesimama. Muulize mgeni kwanza. Mimi natumia maswali matatu ya Philip Yenawine, aliyewahi kusimamia elimu pale MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, na mwanasaikolojia Abigail Housen: Kuna nini kinaendelea hapa? Umeona nini mpaka ukasema hivyo? Kuna nini kingine? Halafu nyamaza. Hapo ndipo waongoza wageni wengi wanaposhindwa. Kimya kikizidi kidogo tu, wanajijibu wenyewe.

Niliwahi kuwa na watoto wa darasa la tano mbele ya picha ya ndege wawili. Mmoja akasema, "Wamegombana." Nikamuuliza, umeonaje? "Si huyu kampa mwenzake mgongo." Mwingine akapinga: "Wala, anamlindia mayai, anaangalia nyoka asije." Mwalimu wao akataka kutoa jibu sahihi, nikamwomba avute subira. Wakabishana weee. Nilipowaambia baadaye kwamba Tingatinga alichora miaka kama minne tu, akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu mwaka 1972, maswali yakamiminika bila kuombwa. Kama ningeanza na hiyo risasi, watoto wasingewaangalia tena wale ndege.

Walinzi nao msiwasahau. Wao ndio wanaoshinda ukumbini, wanajua picha ipi watu wanaisimamia na ipi wanairuka. Wakae kwenye kikao cha maandalizi, tena wasikilizwe. Na mkitaka waache kufoka "Usiguse!" kutwa nzima, wekeni meza yenye kipande cha hadibodi kilichopakwa enameli na kopo la rangi lililofungwa vizuri, watu waguse hapo.

Selfi waachieni, mradi flashi izimwe na mtu asiipe picha kisogo akaigonga. Jina la mchoraji liandikeni kubwa, karibu na fremu, liingie kwenye hiyo selfi.