Kutembezwa Nyuma ya Pazia la Disney: Ushauri Wangu kwa Wanaoandaa Sherehe

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Morogoro, binti anayeanza kazi ya mapambo. Ameandika: "Shikamoo dada. Nimeona picha zako za Florida. Nasikia ulilipa hela nyingine juu ya kiingilio ili utembezwe kwa miguu tu, hata bembea hukupanda. Kweli kulikuwa na haja?"

Marahaba, mdogo wangu. Haja ilikuwepo, na kama ningekuwa na uwezo ningewabeba vijana wangu wote wa kazi twende nao. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wengi mnaonisoma mna ndoto kama yangu: kuwa na kampuni ya sherehe ambayo mtu akiiona kazi yake, anauliza namba ya simu kabla keki haijakatwa.

Habari za viza na ndege naziruka. Mdogo wangu wa kike anaishi Orlando, huko Florida, Marekani, ndiye aliyenipokea na kunikatia tiketi. Alitaka anipeleke kwenye michezo. Nikamwambia michezo itasubiri, kwanza nataka kuona wanaoiendesha wanaishi vipi kazini. Ndipo akanitafutia ziara inayoitwa Keys to the Kingdom, ndani ya Magic Kingdom, bustani ya michezo na maonyesho ya kampuni ya Disney iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Ni mwendo wa miguu wa saa tano hivi, pamoja na chakula cha mchana. Bei yake inazidi dola 100 na kiingilio cha bustani unalipa mbali. Walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi, na ukishavuka kwenda upande wa wafanyakazi hupigi picha hata moja.

Sasa ngoja niseme kwa nini mimi, mtu wa mahema na maua wa Dar es Salaam, niliona pesa hiyo ni ya lazima.

Kuna harusi niliyoifanya ya familia moja yenye uwezo. Kwenye bajeti niliweka hema la nyuma: turubai la kufunga upande wa jikoni, meza za kupangia vyombo, taa, matangi ya maji, na njia ya wahudumu isiyokatiza mbele ya wageni. Kamati ikakaa. Ikapitisha maua, ikapitisha keki, ikapitisha magari ya maharusi. Ilipofika kwenye hema la nyuma, mwenyekiti akachora mstari na kuniuliza mbele ya watu, hema la nini ambalo mgeni halioni? Nilieleza mpaka nikachoka. Siku ya siku, vijana wangu wakaoshea sahani kando ya ukuta wa ukumbi, makarai wazi, na kila mlango ulipofunguliwa meza kuu iliyaona. Sufuria za pilau zikapitishwa katikati ya ukumbi wakati bibi harusi anaingia. Na mwenyekiti yuleyule ndiye aliyenifuata na kunisema kwa sauti kwamba nimeiabisha familia. Salio langu halijalipwa mpaka leo. Ila kinachoniuma zaidi si salio. Kuna kijana wangu alikuwa ameshika karai kwa mikono miwili, maji ya sabuni yanamchuruzika kwenye viatu, anaambiwa atoke machoni pa watu. Hakuwa na pa kutokea. Pa kutokea palikuwa pale kwenye mstari uliochorwa.

Kwa hiyo nilikwenda Florida na swali moja. Watu wanaosifiwa dunia nzima kwa onyesho lao, wanatumia kiasi gani kwa kile ambacho mgeni hakioni?

Jibu nililipata chini ya miguu yangu. Ukiwa Magic Kingdom, unapotembea mtaani na watoto na puto, unakanyaga ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza yote ni ya wafanyakazi. Wanaiita Utilidors, njia pana zinazopita chini ya bustani, eneo la ekari 9 hivi. Ardhi ya Florida ina maji karibu sana na uso, huwezi kuchimba handaki likabaki kavu. Basi wakajenga njia zile juu ya ardhi ya kawaida, wakachukua udongo uliochimbwa kwenye ziwa la mbele, Seven Seas Lagoon, wakaumwaga pembeni na juu, ndipo wakaweka bustani juu yake. Yaani hema la nyuma lilijengwa kwanza. Kasri, maduka na bembea vikafuata.

Kisa chake kinasimuliwa hivi: kule California, kwenye Disneyland ya mwaka 1955, Walt Disney, mwanzilishi mwenyewe, alimwona mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe wa zamani anakatiza katikati ya eneo la mambo ya kesho ili afike kwenye kituo chake. Akaona onyesho limeharibika. Nilipokisikia nikaziona sufuria zangu za pilau.

Kule chini hakuna urembo. Zege, mabomba makubwa yanapita juu ya kichwa, kuta zimepakwa rangi tofauti ili mtu ajue yuko chini ya sehemu gani ya bustani. Vigari vya umeme vinapita vimebeba mizigo, wewe unabana ukutani. Watu wanakwenda zamu na wengine wanatoka. Taka hazisukumwi kwa mikokoteni mbele ya wageni: zinakusanywa sehemu maalumu, kisha zinafyonzwa na upepo ndani ya mabomba, kwa kasi inayofika karibu kilomita 100 kwa saa, mpaka nyuma kabisa ya bustani. Teknolojia hiyo ilitoka Sweden. Nilisimama chini ya bomba moja, nikasikia mzigo unapita kwa mvumo wa ghafla, ukapotea. Wenzangu kwenye kundi walicheka. Mimi nilikuwa nawaza vijana wangu wanavyobeba mifuko ya mabaki begani saa nane usiku, inawachuruzikia mgongoni.

Nimeanza na mwisho, kwa kweli. Ziara yenyewe ilianzia juu, Main Street, mtaa wa maduka unaoelekea kwenye kasri la Cinderella. Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja mpole, anaongea taratibu kwenye kipaza sauti kidogo na kila mmoja anamsikia kwa kifaa cha sikioni. Hakuna kupayuka, hakuna kupiga makofi ili watu wasogee. Nyumba za mtaa ule zina hila ya macho: ghorofa ya juu imejengwa fupi kuliko ya chini, kwa hiyo nyumba ya kawaida inaonekana ndefu. Kasri lenyewe lina urefu wa futi 189, kama mita 58, halina tofali hata moja, ni chuma, zege na fiberglass, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo, na yale yanayoonekana kama mawe yanapungua ukubwa kadiri yanavyopanda. Mpambaji mwenzangu, hilo lichukue hata kama hutafika Florida. Nguzo za maua za mbele ziwe nene na ndefu, zinazokaribia meza kuu ziwe ndogo kidogokidogo, ukumbi mfupi utaonekana mrefu. Nimelijaribu kwenye sendofu ya mwezi uliopita na mama wa binti aliniuliza kama tumebomoa ukuta.

Madirisha ya ghorofani yameandikwa majina ambayo ukipita haraka utadhani ni matangazo ya biashara za zamani. Ni majina ya watu walioijenga na kuiendesha bustani. Dirisha moja lina majina ya kampuni zilizotumika miaka ya 1960 kununua ardhi kimyakimya, Tomahawk Properties na nyinginezo, ili wenye mashamba wasijue mnunuzi ni Disney wakapandisha bei. Walt mwenyewe hakuiona bustani ikifunguliwa, alifariki Desemba 1966. Kaka yake Roy, mtu wa hesabu aliyekuwa anajiandaa kustaafu, ndiye aliyeibeba kazi mpaka Oktoba 1971, na Desemba ya mwaka huohuo naye akafariki. Watu wanamjua Walt. Mtu wa hesabu wanamsahau. Tangu nirudi, MC wangu anasoma majina ya vijana wa jikoni na wa vyombo kabla ya shukrani za kamati, na kamati isiyotaka hilo itafute mtu mwingine.

Tulipanda mchezo mmoja au miwili tukiwa na kiongozi, ukiwemo ule wa mashua unaoitwa Jungle Cruise. Mashua inapita mito ya dunia, ukiwemo Kongo, na mashua nyingine zina majina kama Congo Connie na Sankuru Sadie. Maji yametiwa rangi ili usione kina chake kifupi wala reli inayoiongoza mashua chini. Nilivutiwa na ufundi, lakini moyo ulikuwa mzito. Kwa miaka mingi mchezo ule ulimwonyesha mtu mweusi kama kiumbe wa kutisha wa msituni, mpaka mwaka 2021 Disney ilipotangaza kuziondoa sehemu hizo. Waliitunza reli isionekane kwa miaka hamsini, na kwa miaka yote hiyo walituweka sisi pale tuchekwe. Nasema hivi kwa kuwa najua wengi wetu tukienda ughaibuni tunasifia kila kitu. Sifia ufundi, na pale ulipodharauliwa paseme.

Nimefika kwenye funguo zenyewe. Jina la ziara linatokana na kanuni wanazofundishwa wafanyakazi wote, na kwa miaka mingi zilikuwa nne: usalama, ukarimu, onyesho, ufanisi. Mwaka 2020 wakaongeza ya tano, kumjumuisha kila mtu. Kilichonishika ni mpangilio. Usalama uko mbele ya vyote, ufanisi ulikuwa nyuma ya vyote. Mtoto akianguka, onyesho linasubiri. Mgeni akiuliza swali, ufagio unasubiri. Jamani, sisi sherehe zetu tunaziendesha kinyume. Kamati inataka haraka na bei ndogo kwanza, onyesho la pili, ukarimu kama ukibaki, na waya za umeme zimelala kwenye maji nyuma ya ukumbi. Nimeziandika kanuni zile kwa Kiswahili kwenye ubao wa stoo yangu, na kijana mpya hagusi kiti kabla hajaniambia ipi inatangulia na kwa nini.

Ukiamua kwenda, vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Weka nafasi mapema, maana makundi ni madogo. Beba kitambulisho chenye picha. Simama karibu na kiongozi muda wote, hasa mnapotembea kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kwa kuwa maneno mazuri huyasema njiani wakati wengine wanaangalia kasri. Kwa kuwa simu imezimwa, beba kijidaftari, na mkiachana kaa chini hapohapo uandike kabla hujala hata aiskrimu. Na uliza maswali ya kazi. Kwenye kundi letu wengi waliuliza ni nani yuko ndani ya vazi la Mickey, yule panya wa katuni, na mzee yule hakujibu, kwao mwanasesere hana mtu ndani. Mimi niliuliza mfagiaji anapumzika wapi, nguo zinafuliwa na nani, mvua ikinyesha gwaride likiwa katikati ya njia nani anatoa amri. Alipojua ninaandaa harusi, alitembea nami mpaka mwisho. Uliza maswali ya kazi, narudia, ndiyo yanayolipa nauli yako.

Karibu na mlango mmoja wa kupandia juu kulikuwa na kioo kirefu, mtu anajitazama kuanzia viatu mpaka kola kabla hajatokea kwa wageni. Kioo kama kile nimekinunua Kariakoo. Kinakaa kwenye mlango wa hema la nyuma, na hema la nyuma sasa limo kwenye mkataba wangu kama kifungu kisichojadiliwa. Kamati ikilikata, narudisha advansi. Kuna waliosema najivuna. Nimewaruhusu waseme. Ukishamwona mtu wa kiwango kile ameijengea jikoni yake ghorofa nzima, huwezi tena kumwomba radhi mtu kwa kumtafutia mwosha vyombo mahali pa kusimama. Usiwaombe radhi. Usipunguze bei kwa kumpunguzia heshima kijana wako. Ukiona kamati haielewi, ondoka mapema, kabla ya siku ya siku.

Swali lako la mwisho, mdogo wangu, lilikuwa kuhusu watoto, kwamba dada yako wa Tampa ana wa miaka tisa na kumi na mbili. Hao hawataingia kwenye ziara hii. Wapeleke Animal Kingdom, bustani nyingine ya Disney iliyofunguliwa Aprili 1998, wafanye Wild Africa Trek. Inachukua kuanzia miaka 8, ni kama saa tatu, unafungwa mikanda na kuvuka madaraja ya kamba juu ya mamba. Waanze kwa kupita mji wa kubuni wa Harambe, uliochorwa kwa kuiangalia Lamu, wenye vibao vya Kiswahili na mapaa ya makuti yaliyoezekwa na mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini. Kuta zimezeeshwa kwa makusudi, na barabara ya safari inayoonekana ya udongo ni zege lililokandamizwa alama za matairi likiwa bichi. Mwambie dada yako aitazame vizuri. Bei aitazame kwenye tovuti yao, inabadilika kufuatana na siku.