Weka hiyo bisibisi chini kwanza (meza ya vigae ya Kifaransa)

Mkuu, USITOE HIVYO VIGAE. Hata kimoja. Kama umeshafungua boksi la vifaa, lifunge.

Nimesoma swali lako nikiwa kwenye tramu nikapitiliza kituo. Yaani umepata meza ya sebuleni ya Kifaransa ya miaka ya 1960, juu vigae, miguu ya chuma, vigae vitatu vinacheza, grauti (ile simenti ya kujazia mianya kati ya vigae) imekuwa nyeusi, na Jumamosi unataka ubandue vyote, ukate plaiwudi mpya, upange upya kwa simenti ya vigae "iwe kama mpya". Ukauliza pia kama bei ni halali, utaifikishaje Brussels, na kama inavumilia sufuria ya moto. Hayo yasubiri, kwanza tuviokoe vigae.

Huo mpango naujua wote, maana mwaka 2021 niliutekeleza mwanzo mpaka mwisho hapa Lyon.

Yangu niliitoa kwenye gulio la Jumapili kijijini, yale ambayo watu wanamwaga vya stoo barabarani, wenyewe wanaita vide-grenier. Bibi mmoja alikuwa ameipangia magazeti ya zamani juu, na nadhani aliyathamini magazeti zaidi. Euro 60. Vigae 18, safu 3 za vigae 6, rangi ya udongo wa kahawia, na kila kigae kina jani lililokandamizwa udongo ukiwa mbichi, unaona mpaka mishipa yake. Kwenye kigae cha pembeni, chini kulia, maandishi madogo: Capron.

Kwa asiyemjua, Roger Capron alikuwa mfinyanzi wa Vallauris, mji wa vyungu tangu enzi, jirani na Cannes. Alihamia huko 1946, miaka ileile ambayo Picasso naye alianza kuchezea udongo hapohapo Vallauris, kwenye karakana ya Madoura. Meza za Capron zinatafutwa mpaka leo, ndiyo maana kila muuzaji mwenye meza yenye vigae atakuambia ni Capron, hata kama vigae vyenyewe vimetoka bafuni kwa mjomba wake. Mimi nilikuwa na sahihi. NILIKUWA nayo.

Sasa ingia shemeji. Shemeji yangu anapiga vigae Paris miaka 15, mabafu yake ukiyaona utataka kulala humo. Nikampigia simu ya video, akaangalia sekunde kumi akasema: "Shemeji, hiyo grauti imekufa. Ng'oa zote, panga upya, kazi ya saa tatu." Kuhakikisha, nikaangalia na video ya jamaa mmoja mwenye aproni ya ngozi na ndevu za kistaarabu, naye anasema hivyohivyo, tena anatabasamu. Yule jamaa alibandua vigae vyake kama anamenya ndizi. Leo nikikumbuka, aliirekodi meza ikiwa imeshaoza, lakini hilo hakulisema, na mimi sikujiongeza.

Vigae vyangu viwili vilivyokuwa vinacheza vilitoka kwa vidole. Safi. Hapo ndipo shetani alipokaa kwenye kochi. Cha tatu kilikuwa kimekaa imara kabisa, hakina tatizo na mtu. Nikachomeka ncha ya bisibisi kwenye ukingo, nikagonga nyundo kidogo, nyundo ya heshima. Tak. Kikapasuka mshazari, nusu mkononi mwangu, nusu imebaki kwenye ubao haina habari. Gundi iliyokaa miaka 60 ilikuwa imeushinda udongo wenyewe nguvu. Ukivuta, kinachoachia ni kigae.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema nimeshaanza, nikabadilisha bisibisi kwa patasi. Vilivunjika vitano. Cha tano ndicho kile cha pembeni, na ufa ukapita katikati ya jina. Upande mmoja CAP, mwingine RON. Ukija kwangu, CAP yuko sebuleni, RON anazuia mlango wa jikoni usijifunge.

Nikampigia shemeji. "Aaah, hivyo vya zamani ni laini." SASA ndiyo unaniambia?

Na bado sikuwa nimefika kwenye simenti. Nikapaka kwenye plaiwudi mpya kama nilivyofundishwa, nikapanga vilivyopona na vipande, nikalala. Asubuhi ubao umejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango, maana ulikunywa maji yote ya simenti. Nikauwekea ndoo mbili za maji juu, ukanyooka kwa shingo upande. Grauti nikanunua nyeupe kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na meza ya mwaka 1960 na kitu ikawa na sura ya choo cha stendi. Kufika Januari, hita zimewaka nyumba nzima, hewa kavu, mbao zinasinyaa, simenti haitaki kusinyaa. Usiku nikasikia mlio sebuleni nikajua mwizi. Ni kigae kimejirusha.

Shemeji simlaumu sana (namlaumu). Yeye maisha yake yote anabandika kwenye ukuta, na ukuta hauendi popote. Mbao inavimba na kusinyaa kila msimu, kigae hakijui habari hizo, kwa hiyo katikati yao kunatakiwa kitu kinachokubali kuvutwa, na simenti ya bafuni si kitu hicho.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na imenigharimu: KIGAE KISICHOCHEZA HAKITOLEWI. Ukigonga kwa ukucha kikalia kama debe tupu, bado hakitolewi. Kikiwa na ufa, hakitolewi. Hivyo vitatu vyako vinavyocheza vitoe kwa vidole tu, visipokuja viache. Andika namba nyuma kwa penseli na mshale wa upande wa juu, maana vimetengenezwa karakana na havilingani, kila kimoja kina nafasi yake. Kwangua gundi ya zamani taratibu, kisha rudisha kwa gundi inayobaki na mnyumbuko, silikoni matone machache inatosha. Nyeusi ya grauti ni miaka 60 ya kahawa na sigara: mswaki laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, futa papo hapo yasiingie kwenye ubao. Ukisikia mtu anataja siki au asidi, huyo ni shemeji yangu mwingine. Grauti ya simenti inaliwa na asidi, utaiona inatoa mapovu.

Kuna dalali wa vitu vya kale ambaye kabla ya hayo yote nilimtumia picha, akaniandikia euro 700. Nikawa najiona mjanja, nikasema ngoja niisafishe kwanza nidai 1,000. Alipokuja akaizunguka meza mara mbili, akachuchumaa, akapapasa grauti nyeupe kwa kidole, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama miguu naiuza peke yake.

Geuza meza yako leo, upige picha ya chini ya ubao uweke hapa. Kama plaiwudi haijavimba wala kuachana tabaka, huna cha kukata. Na bisibisi mpe jirani akutunzie mpaka Jumatatu.