Oili sili imebadilishwa, bado inavuja

SWALI: Habari fundi, nina Corolla ya 1998, oili sili ya nyuma (ile raba ya kuzuia oili isivuje nyuma ya injini) imebadilishwa na bado inavuja, sasa fundi wangu anataka kufungua injini. Nikubali?

JIBU: Subiri kwanza ndugu yangu, cheki valvu ya PCV, ni kile kidude kimechomekwa na raba juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) kikiwa na paipu inaenda inteki manifodi, yaani njia ya hewa kuingia injini. Kazi yake ni kunyonya gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni zikaungue tena, sasa kikiziba na masizi presha inajaa huko chini ndani ya injini na oili inatafuta pa kutokea, ndo hizo sili zako.

Washa injini, kichomoe kikiwa na paipu yake, ziba mdomo na kidole, usiposikia kinavuta basi kimeziba au paipu ndo imeziba. Zima injini, kitikise, kilicho kizima kinalia kachakacha. Mimi kukiosha sipendi kabisa, nunua kipya tu, bei yake ndogo, na raba badilisha pia maana ya zamani inakuwa imekauka na inavuta hewa pembeni. Ukishabadilisha halafu moshi bado unapuliza kwa nguvu kwenye kifuniko cha oili, hapo ni ringi, mwache afungue.