Kwa nini faru wanne wa Ol Pejeta hawakuzaa

Umeuliza kwa nini faru weupe wa kaskazini wanne walihamishiwa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, kama hawakuzaa huko. Sudan, Suni, Najin na Fatu walitoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, wakafika Ol Pejeta, Laikipia, Desemba 2009. Tumaini lilikuwa kwamba jua, nyasi na nafasi ya kutembea vingewaamsha wazae. Suni na Najin walipandana kweli mwaka 2012, lakini mimba haikushika.

Tatizo halikuwa Kenya, walichelewa kuja. Najin ana miguu ya nyuma dhaifu, haiwezi kuhimili uzito wa mimba. Fatu, bintiye, mfuko wake wa uzazi una kasoro. Tena Sudan alikuwa baba wa Najin, kwa hiyo dume la maana lilikuwa Suni peke yake, naye akafa Oktoba 2014. Sudan akafuata Machi 2018, na iliniuma sana.

Usiseme basi imekwisha. Tangu 2019 mayai ya uzazi ya Fatu huvunwa Laikipia na kupelekwa haraka maabara Italia, yanarutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa. Atakayebeba mimba ni faru mweupe wa kusini, jamaa yao wa karibu.