Jibu: Ashiki na mahaba, je, ni kitu kimoja?

Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu kamusi yako imeandika "mapenzi makubwa" kote kuwili, nawe unataka neno la kutia kwenye kasida ya kumsifu Mola.

Anza na mzizi. Mahaba ni mahabba ya Kiarabu, ukoo mmoja na huba, muhibu na habibi. Ashiki ina ukoo wake: ishq. Waandishi wa kamusi za kale za Kiarabu waliihusisha na ashaqa, mmea unaotambaa na kuusonga mti hadi ukauke. Mimi nililielewa neno siku nilipoutazama mwembe wetu wa uani: mtambaazi umeukaba shina zima, matawi ya juu hayana hata jani.

Qur'ani, inapotaja kumpenda Mwenyezi Mungu katika Al-Baqara aya ya 165, imetumia hubb, neno la ukoo wa mahaba. Masufi, Waislamu wanaofuata njia ya kiroho ya kumkaribia Mola, ndio waliolielekeza ishq kwa Mungu, na wapo wanazuoni waliowapinga, wakiona lina harufu ya matamanio ya mwili. Waajemi na Waturuki wakalipokea kwa mikono miwili, mashairi yao yamejaa hilo.

Sasa Kiswahili chetu cha leo kimeegemea upande wa mwili. Mtu akisema "kuamsha ashiki", kila mtu anajua anazungumzia nini. Kwa hiyo kwenye kasida yako weka mahaba, tafadhali. Ashiki iache kwenye shairi la mchumba, na hata huko ipime kwanza: nani atalisoma kwa sauti, na wazee wamekaa wapi?